Mtani Wetu Yuko Kambini

Katonga,
kwa S.L.P. ya parokia,
Kigoma.
17 Mei 1998

Mpendwa shemeji Nikodemu,

Mwakeye! Najua huko Tanga umeshasahau kuitikia, lakini mimi nakusalimu hivyo hivyo. U hali gani wewe, na mkeo Esther, na hao wanafunzi unaowachapa? Kifua chako kimetulia? Kama bado, kunywa mawese vuguvugu, na ukiwaonea haya walimu wenzako, yanywe chooni.

Sisi huku wazima. Mimi mzima kama gogo. Nakula, nalala, naamka. Binti yetu Asnath ananipikia ugali wa muhogo na samaki wetu wa migebuka, naumaliza wote, halafu ananiuliza kama chumvi ilitosha, nami sijui.

Barua hii ina ombi. Nimelificha huko mbele kwa sababu ukiliona mwanzoni utaichana. Na usiisome na ile kalamu nyekundu. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu nililisikilizia nje ya dirisha, nikiwa kwenye adhabu.

Kwanza nikusimulie maziko ya dada yako, maana telegramu ilikufikia tumeshazika. Skolastika alikufa Jumanne asubuhi, tarehe kumi Februari, akipeta maharage. Aliniambia, "We mzee, sogea, unaniziba mwanga." Nikasogea. Nikainama kuvaa kandambili, kuinuka nikaona ungo umemwagika. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, usiniulize mengine, hakuacha.

Mbao za jeneza nilisema nitazipasua mwenyewe. Miaka ishirini na miwili nimepasua mbao na Dismasi, yeye juu ya gogo, mimi chini nikila unga wa mbao. Nusu ya mitumbwi ya hapa Katonga imetoka mikononi mwetu. Sasa Dismasi hayupo. Unajua alivuka kutoka Burundi mwaka wa 72, akaoa hapa, akaota mvi hapa. Mwishoni mwa mwaka jana likaja tangazo kwamba waliotoka ng'ambo wote wakakae kambini. Akapanda lori na mkewe Verediana na kuku watatu. Akaniambia, "Usizeeke kabla sijarudi, utaniharibia kazi." Lori likaondoka.

Basi nikamshika jirani yetu Feliksi, yule mwenye mikono kama makasia. Ana nguvu, na nguvu ndiyo iliyotuharibia. Msumeno wetu hukata mtu wa chini anapovuta. Wa juu kazi yake ni kuupandisha na kuulinda mstari, na nikivuta mimi, yeye auachie. Dismasi alijua kuachia. Siku nina homa aliitambua kwa mkono tu, kabla sijasema, akaanza kuupandisha polepole na huku ananiita bibi kizee. Feliksi yeye anashindana. Navuta, naye anang'ang'ania kana kwamba namwibia.

"Achia!"

"Nimeachia, mzee!"

"Umeachia nini, na mimi naning'inia huku kama popo?"

Ubao ulitoka umejikunja kama mgebuka kikaangoni. Tukapigilia mfuniko, ukakataa kukaa. Upande wa miguu ukabaki mwanya wa kupitisha vidole viwili. Padri ameshasimama, jua linawaka. Tukazika hivyo.

Na hapo, shemeji, hakuna aliyesema kitu. Jeneza limeachama, na watu wote wale wanatazama vidole vya miguu yao. Misiba yetu haikuwa hivyo. Mtani huwepo, akamsema marehemu, akamsema mfiwa, akajilaza mlangoni kuzuia jeneza mpaka apewe jogoo. Watu wakishacheka, machozi nayo hupata njia. Mtani wangu mimi ni Dismasi. Utani wetu hatukurithi kwa babu, uliota tu pale kwenye msumeno. Lakini mama yangu alizikwa na Dismasi kwa matusi, na mtoto wa Dismasi nikamzika mimi kwa matusi. Baada ya hapo hakuna mzee wa kutuambia sisi si watani.

Siku ya kuanua matanga wazee wakaamua tuazime mtani. Wakamleta bwana Nassib, ofisa maendeleo, ametoka Tabora, wakasema watu wa huko ni watani wetu, hiyo yatosha. Ni mtu mwema. Mwezi uliotangulia alikuwa ametupa semina ya ushirikiano kazini, akatuuliza faida tano za kufanya kazi pamoja. Nikamtajia moja, kwamba mkiwa wawili kuna wa kumlaumu. Akaiandika ubaoni! Sasa pale matangani akasimama, akakohoa, akasema, "Kwanza kabisa, marehemu alikuwa mchoyo. Pili..." Kina mama nyuma wakaulizana, "Anasoma?" Kweli alikuwa anasoma, karatasi iko mkononi. Tukampigia makofi. Mikeka ikakunjwa, watu wakaenda zao.

Kwa desturi, basi, msiba umekwisha. Lakini mimi niko kama mkono uliolaliwa, unauona ni wako, ukiufinya husikii. Sijalia mpaka leo. Mbele ya Asnath najifanya macho yanawasha. Nakwambia wewe kwa sababu uko mbali.

Mwezi uliopita nilipanda lori hadi kambini, upande wa Kasulu, siku ya soko. Nilimkuta Dismasi amekonda, anauza kuni. Kuni zenyewe amezipasua sawasawa kama mbao za kabati. Habari hakuwa nayo. Nikamwambia, "Skolastika amekufa." Akanisogezea kipande cha gogo nikae, naye akakaa.

"Mbao ulipasua na nani?"

"Feliksi."

"Feliksi!" Akatikisa kichwa. "Mfuniko ulikaa?"

"Haukukaa."

Nikaliona neno linakuja. Namjua, huanza kwa kucheza shavu la kushoto. Nikangoja. Akalimeza. Akasema, "Hili si la sokoni, mzee. Nitalisema palepale alipo, naye asikie." Tulikaa bega kwa bega tukitazama watu wakinunua chumvi, mpaka lori likapiga honi.

Ili atoke kambini anahitaji kibali, nacho ni cha siku tatu. Wanataka barua ya ndugu wa marehemu kwamba huyu ni mtu wa familia na msiba unamhitaji. Asnath aliandika, wakasema wanamtaka mkubwa wa ukoo wa marehemu. Mkubwa ndiye wewe, shemeji. Ombi ndilo hilo.

Najua unachokumbuka. Baba yenu alipokufa, Dismasi alikuja amevaa koti la marehemu, akakalia kiti chake, akamwamuru mama yenu ampelekee maji ya kuoga. Wewe ulikuwa umetoka chuoni juzi tu, na tai shingoni, ukasema, "Mtoeni huyo Mrundi." Akatoka. Kesho yake akaja kazini, akapanda juu ya gogo, hakulitaja neno hilo wala siku hiyo wala siku nyingine. Lakini mama yenu alikuwa ameshaanza kucheka. Mkono ulikuwa mdomoni, mabega yanatikisika. Ulipomfukuza mtu yule mabega yakatulia, na mama akakaa mwezi mzima hasemi na mtu. Wewe hukumwona, ulikuwa unashughulika na tai. Mimi nilimwona.

Sikuombi umpende. Andika tu kwamba ni ndugu yetu, uweke na ile sahihi yako yenye mikia, uipeleke posta wiki hii.

Mvua zimekatika, na kaburi limeanza kutitia upande wa miguu. Kuna udongo wa kuongeza, sijaugusa. Nataka Dismasi asimame pale, alitoe lile neno, anitukane mimi na ubao wangu mbele ya dada yako. Huenda nikacheka. Huenda na kile kingine kikanijia.

Msalimie sana Esther, na watoto wote. Asnath anakusalimu. Feliksi naye anakusalimu, anamwomba radhi kila mtu hata asiyehusika. Verediana alinituma nikwambie kuku wamebaki wawili.

Mungu akuponye kifua na akulainishe moyo, na kama ana nafasi ya kimoja tu, aanze na moyo.

Wako akupendaye, hata ukinuna,
shemeji yako Jeremia