Kilo Sita na Nusu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo nimetoa kalkuleta ya Isaiah kwa koti yake. Miezi saba tangu nizike mume wangu, hiyo koti sijaigusa. Nikabonyeza ON — ikawaka! Kebaso, karani mkubwa wa kituo cha majani chai, anatafuta karani wa mizani. Jumatatu ijayo atajaribu mimi na kijana mmoja, Zack, achukue mmoja wetu. Kila mtu aje na kalkuleta yake. Nikipata, nafanya kazi hapa karibu na Winny wangu. Nikikosa, nitaenda kuchuma kule mashamba makubwa, mtoto abaki. Ana miezi kumi na moja tu!

Jumanne, 4 Machi
Mokeira wa duka amenifundisha. CE inafuta ile namba ya mwisho tu, ukikosea. AC inafuta hesabu yote. M+ inaweka kando, M- inatoa, MR inakuonyesha kilichowekwa. MC inafuta kilichowekwa, na hakirudi.
Lakini kuna M ndogo kwa pembe ya kioo. Akabonyeza AC. M iko. Akazima, akawasha. M iko.
“Mama Winny, kuna mtu ndani ya hii kitu!” Akacheka. Akataka kubonyeza MC, nikamshika mkono. Sijui kwa nini.

Jumatano, 5 Machi
Nimejifunza na magunia ya kubuni. La 14, la 9.5, la 11. Kila moja M+. Kwa karatasi ni 34.5. MR — 41! Karatasi tena: 34.5. Basi nikatoa zangu zote na M-, moja moja, mpaka ya mwisho. Ingebaki sifuri.
Imebaki 6.5.
Mimi sikuiweka.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe hakutaka hata kuiangalia. Eti kitu cha marehemu kikikataa kutoka, ujue mwenyewe hajamaliza. Akaenda kukamua.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua ya mawe. Nimebonyeza MR mara kumi. 6.5. Kama mtu anaitika.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeenda kwa Kebaso kumuuliza. Akakaa juu ya magunia.
Kumbe Isaiah alileta Winny hapa Jumamosi moja, mimi nikiwa mkutano wa akina mama kanisani. Akamweka kwa gunia jipya, akalitundika kwa ndoano ya mizani kama majani! Kilo saba. Akatoa nusu kilo ya gunia, vile wao makarani hutoa. Akabonyeza M+. Wakulima walicheka mpaka basi. Yeye akawaambia: “Hii ni majani mawili na chipukizi, chai safi kabisa. Hairudishwi!”
Jumatatu iliyofuata lori ya majani iliteleza kwa matope, naye amepanda nyuma.
Nyumbani nimetafuta kadi ya kliniki ya Winny. Wiki hiyo: 6.4. Karibu sawa. Alimvalisha sweta, najua.
Wakati naondoka, Kebaso alinisindikiza mpaka barabarani. “Lakini Jumatatu ubonyeze MC, Mama Winny. Siwezi kumwandikia mkulima kilo za mtoto wako.”

Jumapili, 9 Machi
Nimepata akili! Naiacha 6.5 humo, halafu naitoa mwisho, kama gunia. Nimejaribu mara tano.
Mara mbili nimesahau. Yaani mara mbili nimempa mtu majani ambayo hakuchuma. Karani wa hivyo nani atamweka?
Betri nayo itaisha siku moja. Sitaki kufikiria.

Jumatatu, 10 Machi
Kituoni. Naandika juu ya goti, Winny mgongoni. Zack amemaliza foleni ya kwanza — ana haraka, lakini alisahau kutoa ile nusu kilo ya gunia mara moja, na mzee mmoja akamwambia, “Kijana, sasa mimi nalima magunia?” Watu wakacheka. Naweza kupata hii kazi. Kweli naweza.
Kebaso ameita. Anataka kuona kioo kabla sijaanza. Sifuri, bila M.
Nimeandika hapa, kubwa: 6.5. Isaiah alipima. Winny.
Lakini karatasi haiitiki.
MR mara moja tu. Iko.
Kebaso amenyoosha mkono. “Leta nikusaidie, Mama Winny.” Nimemwambia hapana, ni mimi. Kidole kiko juu ya MC. Wakulima wote wananiangalia, na Winny mgongoni anavuta nywele zangu, anacheka, sijui anacheka na nani.