Kikombe cha Pili

Tabora,
12 Agosti, 1973

Kwako ndugu yangu Elieza,

Pokea salamu zangu nyingi, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na masomo yanakwenda. Je, wewe na wenzetu wote hapo kambini hamjambo? Bi Batuli wa nyumba ya mwisho bado analalamikia macho? Nasikia mwaka huu visima vyenu vimekauka mapema. Poleni sana.

Barua yako niliipata. Unauliza majibu ya usaili yatatoka lini, na unasema shamba umekwisha mwachia Maua na kitanda umempa mgonjwa mgeni, kwa kuwa unajiona tayari ni mwanafunzi wa uuguzi. Ulifanya haraka, Elieza. Siku zote una haraka ya kuwaamini watu.

Kwanza nikueleze maisha ya hapa, maana ulipokuja mwezi wa sita uliona nusu tu. Mimi ndiye mwanafunzi pekee wa chuo hiki aliyewahi kuugua ukoma na kukaa kambini. Wageni wa serikali wanapokuja, Bwana Shomari, mkuu wa chuo, huniita mbele na kuwaambia kwamba hapa habaguliwi mtu, na kwamba mimi ndiye ushahidi. Wageni hunipa mkono, tunapigwa picha, halafu wanauliza bomba la kunawia liko wapi. Siku hizi huwa nawapeleka mwenyewe.

Siku ile ya usaili nilikupa chai katika kikombe changu cha bati chenye alama nyekundu. Ulikishangilia, ukasema nimeheshimiwa hadi kupewa kikombe cha peke yangu. Nilikuongezea chai. Alama ile aliipaka Bi Zamda, metroni wetu, siku niliyofika, ili mwenzangu yeyote asikosee akakinywea. Nilikuwa na cheti cha daktari kinachosema nimepona kabisa na siwezi kuambukiza mtu. Bi Zamda alikisoma chote, akanirudishia, akaenda kutafuta rangi.

Hata hivyo nilivumilia, na nikasogea kidogo kidogo. Mwanzoni nilikula peke yangu karibu na mlango. Abasi, kijana wa Kanyenye ambaye kitanda chake kilikuwa jirani na changu, alikihamishia ukuta wa pili. Leo Abasi huyo huyo hukaa nami benchi moja, hunisogezea bakuli la mchuzi, na juzi alinitania kwamba nakoroma kama treni ya Mpanda. Hujui utani ule ulivyonipa raha. Nilikwenda chooni nikalia.

Wiki moja baada ya usaili wako, Bi Zamda alinituma Kanyenye, dukani kwa Rasiklal, nikanunue kikombe kingine cha bati kama changu na kikopo kidogo cha rangi nyekundu. Rasiklal aliuliza kama cha kwanza kimetoboka. Nilimjibu hapana, tunapata mgeni. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba walikuwa wameamua kukuchukua.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilirudi chuoni nikiwa na hasira nawe, kana kwamba umeniibia. Mimi nikiwa peke yangu, wamekwisha nizoea, wanamwona Silasi. Tukiwa wawili wangeiona kambi. Wewe na nyusi zako zilizonyonyoka, na mwendo wako ule wa kuburuta mguu! Kila ambaye angekutazama wewe angegeuka kunitazama na mimi. Tungewekewa meza yetu mlangoni, vikombe viwili vya alama nyekundu, na Abasi angehama tena.

Kesho yake Bwana Shomari aliniita ofisini. Walikuwepo Bi Zamda na bwana mmoja kutoka mkoani. Bwana Shomari alisema kwamba katika mtihani umepata alama nzuri kuliko nilizopata mimi, na kwamba kwao jambo limekwisha. Walitaka neno langu tu, kwa kuwa tumeishi pamoja, kama mwili wako utaimudu kazi. Nikasema hautaimudu. Niliwaambia mkono wako wa kushoto hauhisi moto, na kwamba iko siku utamwogesha mgonjwa kwa maji yanayochemka bila kujua. Bi Zamda alijishika kifua. Jina lako lilikatwa pale pale, nami nikiwa nimesimama.

Wewe unajua ni mkono wa nani usiohisi moto. Ni wewe uliyekuwa ukiushika kila jioni na kuutafutia malengelenge. Mikono yako ni mizima, Elieza. Mkono wangu hapa hakuna anayeujua; maji ya wagonjwa nayapima kwa kiwiko.

Sikuandikii kukuomba msamaha. Nakuandikia kwa sababu yule bwana wa mkoani amependekeza uitwe tena mwakani, daktari akupime mikono. Akikupima atakuta huna kasoro. Watajua nilisema uongo, watauliza uongo ule niliutoa wapi, kisha watapima mkono wangu. Basi wakikuita, usije. Waambie umeridhika na kilimo, au kaa kimya kama mtu ambaye hakupata barua. Ulinibeba mgongoni miaka ile miguu yangu ilipokuwa vidonda vitupu. Nibebe na katika hili.

Kikombe chako kipo. Bi Zamda alisema haifai kikae bure, akakipaka alama yake akanipa mimi. Sasa ninavyo viwili, kimoja cha chai na kimoja cha maji. Abasi alipoviona vyote mbele yangu alicheka sana, akaniita tajiri. Nami nilicheka naye.

Sina zaidi. Nisalimie Maua, mwambie alitunze shamba lile ila asilizoee, kwa kuwa mwenyewe yupo. Nisalimie Bi Batuli na wote wanaoniulizia. Na kama lile jiwe letu la kusugulia miguu bado unalo, tafadhali mpe dereva wa lori la misheni aniletee. Visigino vyangu vimeanza kupasuka, na hapa sina mtu wa kumwomba anisugue.

Ni mimi nduguyo,
Silasi