Kihispania cha Marehemu Thabit

Nyakabiga, Bujumbura
Jumatatu asubuhi

Kwa Mama yangu Bi Waridi,
Ujiji, Kigoma

Assalam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama, shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa kitako na miguu yako haikusumbui kama mwezi uliopita. Ile dawa ya kuchua aliyokuletea shemeji Massoudi imekufaa? Na macho, je? Mimi mwanao ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Eda yangu imeingia mwezi wa tatu. Nakaa ndani, navaa nyeupe zangu, marashi sigusi, na sokoni wananiendea watu. Binti yetu Alya anakusalimu sana kutoka Valencia, huko Hispania. Mwanawe Marwa ametimiza miaka mitano na ameng'oka jino la mbele, sasa akicheka ni bibi kizee kama sisi.

Barua yako niliipata Alhamisi na nimeisoma mara nne. Umeniuliza mambo mawili. Nitayajibu yote, ila niruhusu nianze na lile jepesi, maana la pili ni zito. Nakuomba pia uisome mwenyewe kwa miwani yako, usimpe mjukuu yeyote akusomee.

Umeambiwa huko Ujiji kwamba nyumbani kwa mjane wa mwanao inasikika sauti ya mwanamume kila siku saa sita na nusu mchana, na kwamba mimi husikika nikiijibu kwa lugha isiyojulikana. Kuna waliokwambia ni hawara na kuna waliokwambia ni jini. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Lipo, Mama. Sauti ipo, ni ya mwanamume, na mimi naijibu. Lakini hawara sina, wala sijapandwa na jini. Sauti hiyo ni ya Thabit.

Usishtuke, nitakueleza tangu mwanzo.

Unamjua mwanao alivyokuwa akishika jambo. Kila Jumapili alipiga simu Valencia, akamwambia Marwa hujambo mama yangu, na mtoto akageuka kumtazama mama yake, maana alichojua ni Kihispania tu. Lilimuuma sana Thabit. Basi mtu mzima wa miaka hamsini na minane, fundi wa vyerehani, mwenye mvi hadi kwenye nyusi, akanunua daftari la kurasa mia mbili na kwenda kusoma kwa Mwalimu Herménégilde, bwana mmoja aliyesomea Kuba ambaye hufundisha hapo Rohero, karibu na duka letu. Mimi nilimpinga waziwazi. Nilimwambia mtoto ndiye afundishwe Kiswahili, si babu kujipinda ulimi uzeeni. Akanijibu kwamba mtoto hana kosa, aliyeondoka ni mama yake, na sisi ndio tuliomruhusu. Tulibishana hivyo mwaka mzima, mara kwa kucheka, mara kwa kununiana.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa lile la vitenzi vinavyomrudia mtendaji mwenyewe. Alinifundisha mezani, kisu cha mkate mkononi. Chukua neno levantarse, alisema, maana yake kuamka. Lile se la mwisho unalikata, unalileta mbele, na unalibadilisha kufuatana na mtu. Halafu akaimba kama mtoto wa madrasa: me levanto, te levantas, se levanta, nos levantamos, os levantáis, se levantan. Alisema ukijua hilo moja umejua na mengine yote yanayokwenda sawa nalo, kama vile lavarse, kunawa, na peinarse, kuchana nywele. Kilichomfurahisha ni kwamba wenzetu hao hata kuamka kwao ni kujiamsha. Nikamwambia kwa hiyo yeye si Mhispania na hatakuwa, maana miaka thelathini na moja ni mimi ninayemwamsha alfajiri. Alicheka hadi akapaliwa na chai.

Ndipo akaanza kunipigia simu kila mchana. Akishaswali adhuhuri na kula, saa sita na nusu simu inalia. Ananitajia mtu, yo, yaani mimi, ananyamaza, na mimi natakiwa kusema me levanto. Anataja tú, yaani wewe, ananyamaza, na mimi niseme te levantas. Wiki ya kwanza nilijibu kwa mzaha. Wiki ya pili nikachoka, nikaacha kupokea. Yeye hakukasirika. Akaanza kunitumia masomo yake kwa sauti kwenye simu, na kila baada ya kutaja mtu akawa ananyamaza kidogo, akiniachia nafasi yangu ya kujibu, kisha anasema jibu mwenyewe. Yalifika thelathini na moja. Alipokuwa hai sikuyasikiliza hata moja.

Nilianza kuyasikiliza wiki ya pili ya eda, moja kwa siku, saa ile ile yake. Mama, sijui nikuelezeje. Mume wangu yuko kaburini na sauti yake iko mezani, inasema yo, halafu inaningoja. Nasikia feni ya dukani, nasikia pumzi yake. Siku ya kwanza nililia tu. Siku ya pili nikajibu, na alipotaja jibu lake likawa sawa na langu, nikaona kama amenisifu. Tangu hapo nikawa najibu kwa sauti. Kwenye os levantáis alikuwa anakosea kila mara, anarudia, anajicheka, na mimi nacheka naye peke yangu sebuleni. Nimejua Kihispania cha kuamka, cha kunawa na cha kuchana nywele. Majuto ni mjukuu, Mama.

Soumaya, jirani yangu wa ukuta mmoja, akasikia. Akaja na sahani ya ndagala, dagaa wa huku, macho yakizunguka kutafuta viatu vya kiume. Akaviona mlangoni, ni vile vya Thabit, sijavitoa. Akaniuliza kwa sauti ndogo: "Radhia, humu ndani uko na mutu?" Nikamwambia niko na mume wangu. Hilo lilikuwa kosa langu, ningemweleza vizuri. Alitoka bila sahani yake, na habari ikavuka mpaka hadi kwako.

Nami sitakuficha, kuna siku niliogopa kweli. Ilikuwa wiki iliyopita. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, simu imezimika, iko kabatini chini ya shuka. Nilikuwa nachambua mchele. Nikasikia, wazi kabisa, nyuma ya bega langu: tú. Na kimya kile. Mdomo wangu ukajibu kabla sijafikiri. Nikageuka, hakuna mtu. Nilisoma Ayatul Kursiyyu mpaka ulimi ukakauka. Lakini nilijua kilichokuwa kinaniita, na jini hakuwa na kazi nacho. Ulikuwa umebaki ujumbe mmoja ambao sijaufungua.

Sasa nakuja kwenye swali lako la pili.

Umetaka namba ya Bonfils, yule dereva wa teksi aliyemkuta Thabit dukani, ili umsikie kwa masikio yako akikuhadithia mwanao alivyotamka shahada kabla ya kukata roho. Umempelekea na vitenge viwili vya mkewe. Mama, Bonfils hakusikia kitu. Alipoingia kuchukua cherehani cha dada yake, Thabit alikuwa ameshalala kichwa juu ya meza ya kazi, kimya, simu mkononi. Maneno yale niliyatunga mimi. Ulinipigia siku ile laini ikikatika, huwezi kusafiri kwa sababu ya miguu, wanamzika wewe hupo, na ukauliza jambo moja tu: alitamka? Nikasema ndiyo, yupo aliyemsikia. Nilitaka ulale. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yangu imeishia kwenye vitenge viwili vilivyofungwa kwa kamba, viko hapa kitini, sina uso wa kuvipeleka.

Lakini hilo bado si lenyewe. Lenyewe ni hili.

Siku ile Thabit alinipigia mara tatu. Nimewaambia watu wote kwamba nilikuwa nakanda unga, mikono imejaa. Mikono yangu ilikuwa safi. Nilikuwa nimekaa na Soumaya tunakunywa chai. Simu ikalia, nikaona jina, nikasema huyo Mhispania wangu, na tukacheka wote wawili. Ikalia mara ya pili, nikaigeuza uso chini. Ya tatu nikaiacha ilie mpaka ikachoka. Kisha ukaingia ujumbe wa sauti, dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Nikasema hilo somo litanisubiri. Baada ya robo saa akapiga Bonfils kwa simu ya Thabit, na mimi nikaipokea kwa hasira.

Toka dukani hadi kwenye kliniki ya mtaa ule ni hatua mia mbili. Ajali ni ya Mungu, najua, nimeambiwa na kila aliyekuja kunipa pole. Lakini hao wote hawajui kwamba aliita.

Nilikaa na ujumbe ule miezi miwili. Alama yake ya kijani, ya kuonyesha haujasikilizwa, nilikuwa naiangalia kila nikishika simu. Niliogopa kukuta sauti yake inateseka. Niliogopa zaidi kukuta ni somo la kawaida, kwamba alikuwa anacheza na mimi huku kifo kimesimama mlangoni. Barua yako ilipofika, ukimtaka Bonfils, nikaona sina tena pa kujificha. Ijumaa, saa sita na nusu, nikaufungua.

Alisema hivi: "Radhia, we pokea. Leo apana Kihispania." Halafu akanyamaza. Kile kile kimya cha masomo, cha kuniachia nafasi. Kisha: "Kifua kinanibana, Radhia." Akanyamaza tena. Na mimi, Mama, kwa mazoea yale ya kila mchana, nikajibu. Nilisema, "Labeka." Nilisema kwa sauti, nikasimama kabisa, nimechelewa miezi miwili. Kikafuata kimya kirefu cha feni na honi za barabarani, nikadhani umekwisha. Haukuwa umekwisha. Karibu na mwisho akatamka shahada, yote, taratibu, neno kwa neno. Mwanao ambaye kwenye Kihispania alikuwa anajikwaa kila mstari, pale hakujikwaa popote. Kisha kidole kikalegea juu ya simu, na kulegea huko ndiko kulikoutuma ujumbe kwangu.

Kwa hiyo alitamka, Mama. Nilikudanganya na ikawa kweli, lakini mimi nabaki mwongo, kwani nilipokwambia nilikuwa sijui.

Tangu Ijumaa sijalala vizuri. Nilimpigia Ilyas, fundi wa simu wa mtaa wetu, nikamuuliza kama sauti inaweza kukatwa. Akasema ni rahisi, nimwambie tu kuanzia sekunde ya ngapi. Sekunde ninaijua. Angenikatia pale penye shahada peke yake, ningekutumia, ungesikia ulichokingoja, ungemshukuru Mungu, na ungenipenda kama unavyonipenda. Hakuna ambaye angejua. Usiku mzima wa Jumamosi nilikuwa nimeshakata shauri kufanya hivyo. Jumapili asubuhi nikaifikiria ile sauti iliyokatwa mkia na kichwa, nikaona nitakuwa nimekataa kumpokea mara ya nne.

Basi Massoudi anakuletea simu yangu, pamoja na barua hii na vile vitenge. Yeye hajasikiliza, hajui kitu. Mwambie akuonyeshe pa kubonyeza, kisha atoke nje akuache peke yako. Ukipenda baadaye asikie naye, na wajukuu wasikie, na Ujiji nzima isikie, sitakulaumu. Alya nitamwambia mwenyewe.

Sikuombi unihurumie. Naomba radhi yako, ukiwa nayo ya kunipa. Kama huna, nitakubali, na eda ya mwanao nitaimaliza vilevile kama inavyotakiwa, mpaka siku ya mwisho.

Nisalimie shangazi na majirani wote, na wale walionisingizia jini waambie Radhia anawasalimu. Mungu akupe afya na akupunguzie maumivu ya miguu, amjaalie Thabit kauli thabiti huko aliko, na kaburi lake alipanue, amin.

Nakuomba jambo moja tu, Mama. Utakapobonyeza, usiruke mbele. Maneno uliyokuwa ukiyauliza yako mwisho. Ya mwanzo ni yangu mimi, na nataka uyasikie kwanza.

Ni mimi, mke wa mwanao,

Radhia