Mwenye Hapana

Kaka yangu mpendwa, Hapana,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini kifua kimekuachia na vidole bado vinaishika sindano ya kushonea vitabu. Mimi mwili umeshafunga virago. Umebaki mdomo, na huo unaujua.

Jana vijana wa kiwanda chetu cha uchapaji walikuja kunijulia hali. Wanasema kitabu cha wafagiaji wa barabara kimekwisha, wanachapa tena, na tajiri mmoja ametishia kuwashtaki. Nikawaambia hiyo ni sifa. Kitabu chetu kisipomkosesha mtu usingizi, tumeharibu karatasi bure. Bado wanapokezana ufagio, mhariri na mpiga chapa sawasawa, na chai ya mhariri bado hainyweki.

Kisha wakaniambia wanataka kuchora picha yangu ukutani, pale mlangoni, kwa kuwa ndimi niliyeitoa mashine ya marehemu baba iwe mali ya wote. Kesho kutwa wanaipigia kura. Aliyekosa usingizi ni mimi.

Unaikumbuka kura yetu ya kwanza, ya mashine hiyo. Nilihutubia mpaka jasho likanitoka: hakuna bosi, hakuna kibarua, kila mtu sauti moja. Tukaandika vikaratasi. Vilipofunguliwa, vyote vilisema ndiyo isipokuwa kimoja. Wenzetu wakakugeukia wewe, maana ulikuwa unabishana hata na kivuli chako, na jina likakuganda mpaka leo.

Kaka, hapana ile ilikuwa yangu. Mdomo uliigawa mashine, mkono ukakataa. Nilimkumbuka baba akiipangusa kwa shati lake, nikashindwa.

Nawe ulijua. Tuliketi juu ya robota moja la karatasi, penseli yetu moja. Ulinisubiri nimalize ndipo ukaichukua. Walipoanza kukutania ulinitazama kidogo tu, ukasema, "Haya, ni mimi. Nipeni gundi, kazi inalala." Nami niliyewafundisha watu kusema kweli, nikanyamaza. Kila mwaka uliopita aibu yangu ilizidi.

Wasomee barua hii kabla ya kura. Wakiisikia na bado wakaitaka picha, nakuomba jambo moja: safari hii andika hapana ya kwako mwenyewe.

Nisalimie wifi, asikuache ukae na gundi madirisha yakiwa yamefungwa.

Dada yako,
mwenye Hapana