Tangi la Cyprian Limekaa Sawa

Goba, Dar es Salaam
16 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo Albano,

Shikamoo. Naamini hujambo, na mama mdogo Yuliana miguu imempa nafuu kwa baridi hii ya Mbinga. Sie huku tu wazima. Mume wangu Cyprian, tangu kile kiharusi cha Februari, bado ni wa kitandani na kitini, lakini anaamka kila siku, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Kwanza nikuombe radhi, maana hujui niliyokusema. Kile kibaraza ulichotujengea tulikizungushia kuta kikawa chumba chake, asihangaike na ngazi. Tukataka kumhamishia humo tangi lake la samaki, lile la vioo la lita mia tatu, apate cha kutazama, kwa sababu alikuwa ameacha kabisa kusema na anakula kwa kubembelezwa. Tulipolijaza nusu, maji yakawa yamepanda vidole vitatu zaidi upande wa nje. Nikakusema mbele ya jirani: fundi gani huyu anamwaga sakafu ya mlima? Mdomo wangu unaujua.

Fundi tuliyemwita akachomeka vipande vya marumaru chini ya miguu miwili ya meza inayobeba tangi. Tukajaza tena, meza ikaanza kulia, tukayachota maji yote mbiombio. Cyprian akageukia ukutani. Siku mbili hakutaka hata uji, nami nikaogopa kweli.

Ndipo nikakupigia. Ukacheka, ukasema, "Mwanangu, hicho kilikuwa kibaraza. Nilikilaza kuelekea nje makusudi, mvua isiingie ndani." Nikaona aibu, lakini wewe hukunisimanga. Ukanielekeza tuachane na vipande, maana uzito wote unaangukia pembe mbili. Tumwage kitako cha saruji chini ya meza nzima, kinene upande wa nje, na tupime usawa kwa mpira mweupe wa bomba, ule unaoonyesha ndani, uliojaa maji. Mie nilishika ncha moja, binti yetu Recho nyingine, tukachora alama ukutani pale maji yalipotulia. Kitako tulikimwagilia wiki nzima mpaka kikakomaa, kama ulivyoagiza.

Juzi tulijaza. Maji yako sawa pembe zote nne. Nimepima kwa kidole, nikapima kwa rula ya Recho, mpaka akanicheka.

Sasa sikia. Katika pilikapilika zile samaki mmoja alifia kwenye ndoo. Mie na Recho tukamfukia nyuma ya nyumba, tukakubaliana kunyamaza. Jana baada ya misa Cyprian alilitazama tangi muda mrefu, kidole kikitembea hewani. Kisha akasema, kwa ulimi mzito lakini maneno kamili, "Mmoja yuko wapi?"

Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu Februari, Baba Mdogo, na yalikuwa ya kunigombeza. Nimelia kwa furaha. Asante sana. Sina cha kukulipa.

Nisalimie mama mdogo, shangazi Margareta na Fransis. Mungu aitunze hiyo mikono yako.

Mwanao akupendaye, na aliyefunga mdomo,
Marietha