Ugumu na Ulaini wa Kiti

Jumatatu, 2 Machi
Sheria ya mishahara kuwa wazi inakuja. Menno, bosi wetu, kanitupia mzigo wote — mimi ofisa utumishi, na mimi pekee niliyeisoma. Inataka wenye kazi zinazolingana tuwaweke kundi moja, tulinganishe wanaume na wanawake. Atakayeuliza ajibiwe kwa maandishi. Menno kabadilika rangi. Hapa Uholanzi mtu atakwambia usoni kwamba koti lako baya na mumeo anachosha. Mshahara wake? Atazikwa nao.

Jumatano, 4 Machi
Menno kapata dawa. Kila mtu awe na kundi lake! Hana wa kulinganishwa naye, basi hakuna pengo la mishahara. Nimeshinda nikibuni vyeo. Watu thelathini na wanne, makundi thelathini na moja. Sybren, mwanamume, na Baukje, mwanamke, wanakaa benchi moja, wanakagua viti vilevile vya baiskeli tunavyotengeneza. Sasa Sybren ni Mratibu wa Ugumu wa Kiti. Baukje ni Msimamizi wa Ulaini. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaacha. Baukje ni rafiki yangu, na ndiye aliyemfundisha Sybren kazi.

Ijumaa, 6 Machi
Balaa! Leo Baukje katimiza miaka hamsini. Kaleta keki yake mwenyewe, kama ilivyo desturi ya huku, tukakaa duara chumba cha kahawa, tukampongeza yeye, tukapongezana na sisi. Sybren akaanza kulalamika kwamba nyongeza yake ni kiduchu. Halafu — mdomo wake hauna breki — akautaja mshahara wenyewe. Euro elfu tatu na mia tisa! Vijiko vikasimama. Menno akaisifu keki. Akaisifu tena. Baukje akamkatia Sybren kipande kingine. Yeye hupata elfu tatu na mia mbili.

Jumamosi, 7 Machi
Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Mikataba yote miwili niliipanga mimi. Baukje aliomba kidogo, nikampa kidogo, Menno akanipongeza kwa kubana matumizi. Sybren aliomba kingi, nikampa. Sababu ni hiyo tu. Naona aibu.

Jumanne, 10 Machi
Menno anataka maelezo kwa nini Ugumu unalipwa zaidi kuliko Ulaini. Nimeandika kurasa mbili. Eti Ugumu unadai uamuzi mzito! Kasema safi sana, niongeze na mchoro.

Alhamisi, 12 Machi
Baukje kaja ofisini, kafunga mlango. Anataka kuandika ombi rasmi. Hana habari nani aliupanga mshahara wake, anadhani ni Menno.
“Nisaidie, dada. Wewe maneno yao unayajua.”
Nikampa kalamu. Nikamtajia kila kitu cha kudai: kundi lake, wastani wa mishahara ya wanaume, vigezo vya kupanga mishahara. Na kwamba akatae hilo kundi la Ulaini.
“Barua niielekeze kwa nani?”
“Kwa ofisa utumishi.”
“Si ndiyo wewe!” Akacheka, akaandika jina langu juu, kwa mwandiko mzuri kabisa. Kisha akauliza kama anaruhusiwa kudai pia jina la aliyeupanga mshahara wake.
Nikamwambia andika.
Kaandika. Kapiga na mstari chini yake. Barua iko hapa mezani, imebaki sahihi yake tu — kaenda kutuletea kahawa. Namsikia huko koridoni, anamwambia mtu kwamba yangu isiwekwe sukari, yeye ananijua.