Kra ya Cherehani ya Mama

Kwa dada yangu mpendwa,

Barua hii na ikukute umekaa vizuri, goti limetulia, na shemeji amepunguza kile kikohozi chake cha asubuhi. Sisi huku wazima kabisa. Macho yangu bado yanatunga uzi bila miwani, nakwambia kabisa kwa sababu najua utauliza. Mwanao naye, huyu niliyemzaa mimi, ni mzima, anakula vizuri, mashavu yamejaa, na ukimwona sasa utasema ni mimi nilipokuwa msichana, ila yeye kachukua na urefu wa baba yake.

Nakuandikia kwa mkono, na simu yangu haina ubovu wowote. Kwenye simu, dada, wewe hunikatiza. Sijafungua mdomo, umeshajibu. Karatasi haikatizwi, kwa hiyo kaa chini, weka chai karibu, leo utanisikia mpaka mwisho.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema Jumamosi hii familia ikutane kwako, tumweke kati mwanangu, aache hizo ulizoziita kelele za friji bovu, mitambo yake iuzwe, na Jumatatu akasimame kaunta kwenye duka la shemeji la vifaa vya ujenzi, auze misumari na rangi kama watu wenye akili zao. Ukaongeza kwamba ninayemharibu ni mimi, namdekeza. Hapo umesema kweli. Namdekeza na nitaendelea. Nimdekeze nani mwingine, paka?

Jibu nakupa mapema usihangaike kulitafuta: hatuji. Mimi siji, na mwanangu haji. Shemeji mshukuru sana, mwambie misumari yake itapata mtu mwingine wa kuiuza. Sababu ndiyo hizi kurasa zilizobaki.

Kwanza nikueleze huo muziki wenyewe, maana hujausikiliza. Siku ile uliyokuja ulipita tu koridoni umeziba masikio, ukaenda jikoni kulalamika. Mimi nimesikiliza. Kila mchana kazi ikipungua, mwanao huja na kiti chake kwenye chumba changu cha kushonea, ananivalisha hedifoni kubwa kama bakuli mbili, ananiwekea miziki mipya ya wenzake wa nchi za mbali, kisha anakaa kunitazama usoni. Anasema uso wangu haujui kudanganya.

Kwa muziki wa kwanza nilimsumbua sana mtoto wa watu. Hakuna mwimbaji, hakuna ngoma, sauti moja tu ndefu imejitandaza. Nikamuuliza mbona hauanzi. Akasema mama, umeshafika katikati. Nikacheka, nikarudi kwenye shuka niliyokuwa naipinda. Basi nikapinda upande mmoja, nikapinda wa pili, na ulipokwisha ndipo nikajua kwamba ulikuwepo. Chumba kilibaki kitupu, kama mtu aliyekuwa amekaa nami kimya kaondoka bila kuaga. Nikamwambia aurudie. Tangu siku hiyo huo ndio ninaoshonea mapindo marefu.

Wa pili huo, dada, ni wa wendawazimu, na nimeupenda hivyo hivyo. Sauti inaingia sikio la kushoto, inazunguka kisogoni, inatokea kulia, mpaka nikageuka kuangalia nani anapita nyuma yangu. Mshono ukaenda upogo kwenye sketi ya mteja, nikafumua yote. Unakijua kile kitambaa ambacho ukikishika hivi ni bluu, ukikigeuza ni zambarau, na mteja anakuuliza rangi yake hasa ni ipi nawe huna jibu? Ndivyo ulivyo. Kila nikidhani nimeushika, umeshageuka. Nilitoka humo kichwa chepesi kama nimeamka kwenye homa, nikaomba maji.

Usidhani nasifia kila kitu. Upo mmoja nilimwambia wazi kwamba hapa mtu anaburuta kabati kwenye sakafu ya saruji na majirani wake nawaonea huruma. Mwanao alicheka hadi akashika tumbo, akasema aliyeutengeneza akisikia hayo atafurahi. Watu wa ajabu hao. Lakini hawajamkosea mtu.

Sasa nije kwenye wa kwake. Unaikumbuka cherehani ya marehemu mama, ya miguu, ile niliyobaki nayo wewe ulipochagua kabati la vioo. Unakumbuka pia inavyolia. Gurudumu la chini lile kubwa limepinda kidogo, kila likizunguka linagusa mguu wa meza, kra. Tumelala na hiyo kra utoto wetu wote. Basi mwanao aliweka kinasa sauti chini ya meza, mimi nikashona kama kawaida, yeye akaenda kujifungia na mitambo yake. Aliponirudishia nisikilize, sikuijua cherehani yangu mwenyewe. Ile kra ameivuta, ameirefusha, imekuwa kama mlango mzito unafunguliwa mbali sana, halafu mwingine nyuma yake, na mwingine. Milio ya sindano ameigeuza mvua. Katikati kuna pumzi, kubwa, inakuja na kurudi, nikamuuliza hii nayo ni nini. Akasema ni wewe mama, hupumua hivyo ukitaka kukata kitambaa cha bei. Dada, nimeshona nguo za maharusi wangapi, wote wakapigwa picha, mimi sikuonekana hata kwenye moja. Humo nimo.

Aliutuma huo muziki huku na huko, hata kwa wenzake wa mbali, wakauandika na kuusifia. Msimamizi wa ukumbi mmoja mkubwa wa mjini akampigia mwenyewe, mama mtu mzima mwenye sauti ya kuheshimika, akamtaka aje aupige mbele ya watu, na cherehani iwepo jukwaani ikilia papo hapo. Siku waliyompa ni Jumamosi. Ndiyo, hiyo hiyo yako. Nilitaka kukupigia nikutambie, ujumbe wako ukatangulia.

Hapo ndipo nilipoharibu, na nakusimulia ucheke kidogo. Nilisema cherehani yangu haiwezi kupanda jukwaani na vumbi lake kama imetoka stoo. Mwanao alikuwa ametoka. Nikaita kijana wa mkokoteni, nikaipeleka kwa Fundi Kesho, nikamwambia aisafishe, aitie mafuta, aitengeneze ing'ae. Huyu fundi tumempa jina hilo kwa sababu kila ukimwendea anakwambia njoo kesho, na kesho ukija anakwambia hivyo hivyo. Siku hiyo, sijui alikula nini, akaimaliza mchana ule ule. Akairudisha mwenyewe, inang'aa kama sahani, akanikanyagia pedali huku anatabasamu. Kimya. Inateleza kama siagi. Kaona gurudumu limepinda, katoa, kaweka jingine zima. Nami, mjinga wa watu, nikamshukuru na nikamsifu.

Mwanao aliporudi alikanyaga mara moja. Akakanyaga tena. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alikaa sakafuni, akaegemea ukuta, akasema basi mama, labda ndivyo ilivyopangwa, mpigie mama mkubwa umwambie tutakuja, nitakaa dukani. Nikamwambia si ameshairekodi kra yenyewe, aitumie hiyo. Akasema watu wameahidiwa cherehani, kupeleka rekodi ni kama bwana harusi kutuma picha yake harusini. Kisha akaanza kukunja nyaya zake moja moja, taratibu, anazifunga kama mtu anayehama.

Dada, nimemzaa huyo mtoto, nimemwona akiugua, nimemwona akifeli, sijawahi kumwona akikunja kitu namna ile. Nikamwambia asikunje hata waya mmoja zaidi, nikatoka na kandambili zangu za ndani hadi kwa Fundi Kesho.

Nikamwambia nataka gurudumu langu la zamani. Akauliza lina dhahabu? Nikasema nataka airudishe cherehani kwenye ubovu wake. Akaita na wenzake waje wasikie. Akasema tangu aanze ufundi ameshatukanwa kwa kuchelewa, ameshatukanwa kwa kuharibu, kutukanwa kwa kutengeneza ndiyo mara ya kwanza. Nikamuuliza gurudumu liko wapi. Akanyoosha kidole nje. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshapakia rundo lote kwenye mkokoteni wake na ameshika mipini, anaondoka.

Sikubishana naye. Nilipanda juu ya mkokoteni, nikakaa juu ya vyuma. Mtu mzima mimi, na gauni langu la maua. Yule bwana akaniuliza, mama, na wewe nikupime kilo? Watu wakajaa. Nikamwambia anipime akitaka, ila sishuki mpaka nipewe gurudumu la mama yangu, na kama ana haraka anisukume twende wote. Waliondoa mabati, wakaondoa fremu ya baiskeli, wakaondoa sufuria zilizotoboka, ndipo likaonekana. Nililijua kabla halijatoka lote, kwa ule mpindo wake. Nikalibeba begani hadi nyumbani, na Fundi Kesho nyuma yangu na spana zake, ananung'unika kwamba jina lake litachafuka akijulikana anafunga vitu vibovu.

Alipolifunga nilikaa kitini mwenyewe. Nikakanyaga. Kra. Mwanao alikuwa amesimama mlangoni. Alikwenda kufungua zile nyaya zake, na mimi nikajifanya natafuta mkasi.

Sasa dada, jambo ambalo sijawahi kukwambia, na nisingekwambia kama usingeita muziki wa mwanao kelele. Hilo gurudumu nani alilipinda? Mama alikufa akiamini ni mimi. Wewe nawe labda umesahau, lakini mimi nilikuwepo, nimesimama pembeni ya kitanda. Mama alikuwa ametoka kupeleka nguo za watu. Redio ya jirani ilikuwa inapiga, na wewe, dada yangu mwenye heshima zako, ulipanda juu ya meza ya cherehani ukacheza. Ulicheza, narudia, kiuno na mabega na yote, mpaka meza ikapinduka na gurudumu likapiga sakafu. Ukakimbilia chooni ukajifungia. Mama aliporudi nikamwambia niliparamia mimi. Wewe ulikuwa umeshonewa lile gauni la njano la kwenda harusini, na nilijua akikasirika hutakwenda. Mimi ndiye sikwenda. Sidai kitu, nilikuwa mdogo na harusi zenyewe sikuzijua. Ila kuanzia siku hiyo ndipo cherehani ilipoanza kulia. Kabla yake ilikuwa bubu, kama alivyoifanya Fundi Kesho.

Kwa hiyo ile sauti iliyomfanya msimamizi wa ukumbi apige simu, ile wanayoiandika na kuisifia hao watu wa mbali, ni wewe. Ni wewe unacheza juu ya meza na hakuna wa kukuambia shuka. Halafu leo uniitie familia nzima kumshusha mwanangu? Sikubali. Kikao chako kiahirishe au kikae bila sisi. Wakiuliza kwa nini hatupo, wasomee barua hii kwa sauti, na shemeji umsomee hapo pa kiuno mara mbili.

Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa jukwaani. Ndiyo, mimi. Nitakaa kwenye cherehani nishone, mwanao atakuwa pembeni na mitambo yake. Sijui nitatetemeka au la, ila mguu wangu unaijua pedali kuliko unavyoijua njia ya sokoni. Kiti chako nimekiomba mstari wa mbele, karibu na mlango, kwa ajili ya goti. Kitambaa nitakachoshona ni cha njano, na vipimo vyako ninavyo. Ikilia kra ya kwanza, usizibe masikio. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie ukiwa umekaa hapo.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake, nisalimie watoto na wajukuu, wabusu wote walio wadogo wa kubusiwa. Mwanao anakuamkia, shikamoo mama mkubwa, anasema haogopi duka, anaogopa kulizoea.

Ni mimi mdogo wako, mpiga cherehani,
mama yake mpiga kelele